Kopo la Oili la Baba Mkwe

Nadhani mimi ndiye mkwe pekee aliyewahi kuingia kwa wakwe zake Kirushya kupitia shamba la maharage, akiwa ndani ya gari, na honi inalia. Watu wa kule bado wanacheka wakiniona. Siwalaumu. Ningekuwa mimi nimekaa kibarazani nikaona mkwe wa jirani anakuja hivyo, ningecheka mpaka nikojoe.

Mke wangu alikuwa kiti cha mbele, na mtoto wetu wa miaka miwili mapajani mwake. Gari lenyewe ni mchomoko, lile gari dogo la abiria ninalotafutia mkate kati ya Biharamulo na Ngara. Tulipofika juu ya mteremko wa mwisho nikafanya jambo ambalo madereva wa milima yetu tunalifanya kila siku na hakuna anayekiri: nilitoa gia, nikaliacha gari liteleze lenyewe, kuokoa petroli. Breki zikabaki zinabeba mzigo wote peke yake. Katikati ya mteremko pedeli ikawa laini. Nikakanyaga tena, ikaenda mpaka sakafuni. Sikumwambia mke wangu kitu, ila alijua, maana nilianza kusali kwa sauti na mimi si mtu wa kusali njiani. Kulia migomba, kushoto maharage. Nikachagua maharage, honi nimeikandamiza.

Tulisimama hatua chache kutoka mlangoni kwa baba mkwe. Hakuna aliyeumia. Mtoto alikuwa anacheka, anataka turudie.

Sasa, baba mkwe wangu si mtu wa kudanganywa kuhusu magari. Ameendesha malori ya mizigo miaka na miaka, akishusha shehena kwenye miteremko ya kwenda mpakani, mpaka mgongo ulipomstaafisha. Alikuja taratibu, akainama kwenye gurudumu la mbele, akanusa.

"Shikamoo, baba," nikasema, jasho linanitiririka.

"Marahaba. Umeshuka bila gia."

"Ndiyo, baba."

"Bleki zimeungua," akasema. Yeye husema bleki, na hakuna anayethubutu kumrekebisha. Akamchukua mjukuu wake kutoka mikononi mwa mama yake. "Huyu na mama yake wanabaki hapa. Siku utakayoniletea gari linalosimama, utawachukua."

Nikasema ndiyo, baba. Ningesema nini? Mimi ni mzaliwa wa Nyamahanga, ila wazee wangu walitoka Burundi, na nyumbani kwetu baba mkwe anaitwa databukwe. Databukwe habishiwi. Hukai kwenye kiti chake, humkatishi anapoongea, na akikupa kitu unakipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakitumia. Kukataa anachokupa ni sawa na kumtukana binti yake. Wahangaza wa Kirushya, kabila la mke wangu, nao ni hivyo hivyo, kwa hiyo hapo hatukuwa na tofauti. Breki zilipopoa zikarudi kidogo, nikalikokota gari langu polepole, kwa gia, mpaka Nyarubungo kwa fundi wangu, nikarudi nyumbani Nyamahanga kulala peke yangu.

Jamani, nyumba bila mtoto ina kelele za ajabu. Nilisikia hata panya wanavyotembea.

Wiki hiyo hiyo nikasikia habari ya mbio. Vijana wenye magari wa Biharamulo walikuwa wameomba kutumia kambi ya zamani ya wajenga barabara, pale walipokuwa wakichimba kokoto. Kuna njia ya vumbi inayozunguka shimo zima: unapanda, unakata kona mbili, kisha unashuka mteremko mrefu mpaka kwenye uwanja tambarare. Gari moja moja, mizunguko mitano, muda unapimwa kwa simu. Na mwisho wa mzunguko wa tano unatakiwa kusimama ndani ya boksi lililochorwa kwa chokaa chini ya mteremko. Ukipitiliza boksi, hata uwe na kasi ya upepo, umetoka.

Moyo ulinilipuka. Nisijifanye mtakatifu: hata kama mke wangu angekuwa nyumbani, ningeenda tu. Tangu utoto nimekuwa nikitamani mahali pa kukimbiza gari bila ng'ombe, bila trafiki, bila abiria wa nyuma anayelia "Dereva, tuna watoto!" Lakini sasa nilikuwa na sababu ya heshima. Nikampigia mke wangu simu.

"Nimwambie baba nini?" akauliza.

"Mwambie aje aone gari likisimama, tena likitoka mbio, mbele ya watu."

Nikasikia wakiongea kwa Kihangaza kwa mbali. Akarudi. "Baba anasema sawa. Tutakuja wote watatu, tutafikia kwa shangazi Biharamulo. Likisimama, mimi na mtoto tunarudi na wewe Nyamahanga. Lisiposimama, tunarudi na yeye Kirushya."

"Kwa muda gani?"

"Usiniulize mimi. Ulize breki zako."

Kazi ikaanza. Fundi wangu ni mtu mfupi, mkali, anayeongea zaidi na bolti kuliko anavyoongea na watu. Alipofungua magurudumu ya mbele akanyanyua diski juu, akaniita nije nione. Ilikuwa imeliwa mpaka imekuwa nyembamba kama kifuniko cha sufuria, na imebadilika rangi kwa moto.

"Hii ndiyo uliyobebea watu?"

"Fundi, naomba usinihubirie."

"Sikuhubirii. Nataka niitundike ukutani."

Tuliamua kufanya mambo makubwa. Badala ya diski ndogo za gari langu, tukatafuta diski nene na kalipa zake, vile vyuma vinavyoibana diski, kutoka kwenye gari kubwa zaidi la ukoo huo huo, lililokatwakatwa kwa spea. Zilipofika kwa basi zikiwa kwenye gunia, nilizibeba kifuani kama mtu aliyepata mapacha. Pedi mpya. Paipu mpya za mpira, maana zile za zamani zilikuwa zinavimba ukikanyaga. Nyuma tukabaki na breki za dramu, ila tukaweka lainingi mpya na kuikaza hendibreki.

Halafu tukapigwa na aibu. Fundi alifunga kila kitu, kwa ustadi wote, tukachukua gurudumu kulirudisha, weee! Haliingii. Kalipa kubwa, rimu ndogo. Tukasukuma, tukageuza, tukalitukana. Siku nzima ya kazi, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kupima. Fundi akakaa chini akaanza kucheka, nikataka kumpiga, kisha nikacheka na mimi. Ikabidi nizunguke Biharamulo nzima kuazima rimu kubwa kwa dereva mwenzangu. Akanipa kwa masharti kwamba nikishinda nitaje jina lake.

Siku moja kabla ya mbio kilibaki kitu kimoja tu: oili ya breki. Nilishanunua makopo mawili madogo, ya ile aina inayovumilia moto mkali, bado yana lakiri zake. Fundi alinieleza, na mimi nilikuwa nimeshaona kwenye simu: oili ya breki inakunywa unyevu. Kopo likifunguliwa likakaa, linavuta maji kutoka hewani. Breki zikipata moto yale maji yanachemka, yanakuwa mvuke, na pedeli inakwenda chini kama imekanyaga hewa. Nililijua hilo. Naomba likumbukwe kwamba nililijua.

Tulikuwa ndiyo tunataka kufungua kopo la kwanza, mlangoni mwa gereji kikaingia kivuli. Baba mkwe. Amefika na basi, amemwacha mke wangu na mtoto kwa shangazi, amekuja moja kwa moja bila hata kunywa maji. Amevaa koti lake la kanisani.

Tukasalimiana. Akazunguka gari lote. Akagonga diski kwa ukucha. Akachungulia paipu. Akatingisha gurudumu. Na jamani, akatabasamu! Tangu nimwoe binti yake sijawahi kuyaona meno ya mzee yule.

"Hapa mmefanya kazi," akasema.

Nilitamani niruke. Fundi akajifanya anatafuta spana, kumbe anaficha uso.

Kisha mzee akafungua mfuko wa nailoni aliokuwa ameushika, akatoa kopo kubwa lenye kutu pembeni, mdomo wake umefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu.

"Hii ni oili ya bleki niliyokuwa natumia kwenye lori. Niliihifadhi nilipostaafu. Oili ya zamani, nzito, siyo haya maji yenu ya siku hizi." Akanyoosha mikono. "Nimekuletea wewe. Watoto wangu wa kiume hakuna aliyependa magari."

Fundi alinitazama. Nami nikamtazama fundi. Kopo lile lilikuwa limefunguliwa kabla sijaoa. Nilitaka kusema ukweli, nikaona yale macho ya mzee, na nikajisikia nasema, "Asante sana, baba." Nikapokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo.

"Weka niione ikiingia," akasema.

Tukaweka. Mungu anisamehe, tukaweka yote. Fundi alikuwa anakanyaga pedeli, mimi chini nafungua nati ya kutolea upepo, na mzee amesimama juu yetu akituhesabia. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Fundi aliponisogelea akaninong'oneza, "Mwambie." Nikamwambia, "Mwambie wewe." Akasema, "Si mkwe wangu."

Nilijidanganya kwamba mizunguko mitano si mingi.

Kesho yake, basi tena, kambi ilikuwa imefurika! Watu wamekaa juu ya marundo ya kokoto, akina mama wamekuja na ndizi za kuchoma na kahawa, vijana wamepanda juu ya mtambo mbovu uliotelekezwa. Kila gari likiondoka watu wanapiga kelele kana kwamba ni mpira. Niliazima helmeti ya bodaboda, inanuka jasho la mtu nisiyemjua. Nilimwona mke wangu kwenye uzio wa kamba, karibu na boksi la chokaa, mtoto begani. Hakupunga mkono. Alinitazama tu. Mwezi mzima nilikuwa sijamwona, na nilimwona mzuri kuliko siku ya harusi.

Bendera ikashuka.

Loo, mzunguko wa kwanza! Nilipanda kwa gia ya pili gari linanguruma, nikakata kona ya kwanza vumbi linafunika dunia, kona ya pili, kisha mteremko ukafunguka mbele yangu. Nikaachia. Nikaachia mpaka usukani ukaanza kutetemeka. Chini kabisa, pale ambapo zamani ningeanza kusali, nikakanyaga. Gari likainamisha pua na kukamata! Mkanda ulinikaba shingo. Nilipiga ukelele peke yangu ndani ya helmeti. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile, furaha ya kitoto, ya kijinga, kwamba kitu hiki kikubwa kinakimbia, nami nikisema simama, kinasimama.

Mzunguko wa pili nilichelewesha kukanyaga zaidi. Likakamata. Wa tatu nikachelewesha zaidi tena, na niliposhuka niliona kwa kona ya jicho watu wamesimama wote. Fundi alikuwa anarukaruka. Muda wangu, nilikuja kuambiwa, ulikuwa unaongoza.

Mzunguko wa nne nikanusa ile harufu.

Niliposhika breki chini, pedeli ilishuka kidogo zaidi ya ilivyopaswa, ikakamata kwa uvivu. Nikaipampu mara mbili, ikarudi. Hapo ndipo mtu mwenye akili angetoka pembeni. Lakini mtu mwenye akili hakuwa na mke na mtoto upande wa pili wa kamba. Nikajiambia, mmoja tu, umebaki mmoja.

Mzunguko wa tano, juu ya mteremko, niligusa breki kujaribu. Mguu ulikwenda mpaka sakafuni bila kukutana na kitu. Nikapampu. Hakuna. Na gari limeshaanza kushuka.

Chini kulikuwa na boksi la chokaa, na nyuma ya boksi kamba, na nyuma ya kamba watu. Watu wangu. Nikapiga gia kutoka ya tatu kwenda ya pili, injini ikalia kwa uchungu, nikalazimisha ya kwanza, ikakataa, nikailazimisha tena ikaingia kwa kishindo nusura nigonge kioo kwa kichwa. Hendibreki nikaivuta kwa mkono wote. Gari likaanza kwenda upande upande. Nililiona boksi likipita chini yangu, chokaa nyeupe, nikakata usukani kushoto kuikwepa ile kamba, nikapanda rundo la kokoto. Likapanda, likapanda, likachoka, likasimama limeinua pua angani.

Kisha kelele za watu wote kwa pamoja.

Wa kwanza kufika alikuwa baba mkwe. Sikujua mgongo ule unaweza kukimbia. Akafungua mlango, akanishika mabega, akanikagua uso kama anayekagua mtoto. Aliporidhika akainama, akakandamiza pedeli kwa kiganja. Ikazama bila ubishi.

"Nimechelewa kukanyaga, baba," nikasema. "Kosa ni langu."

Mke wangu alikuwa amefika, amempa shangazi mtoto, anahema. Hakuniuliza mimi chochote. Alimgeukia fundi, maana anajua watu wanaodanganya na wasioweza.

"Fundi. Juzi uliniambia kwenye simu mmenunua oili mpya. Iko wapi?"

Maskini fundi. Alitazama mawe, alitazama mawingu, kisha akaingiza mkono kwenye begi lake la spana akatoa makopo mawili madogo. Lakiri zake zikiwa nzima.

Mzee aliyachukua. Akayasoma, midomo ikicheza. Akayageuza, akasoma tena.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, baba."

"Na ukaweka yangu."

"Ulinipa wewe, baba. Ningekuambiaje?"

Mke wangu alipasuka. "Kwa hiyo ungekufa kwa adabu! Ungetuua na sisi pale kwenye kamba, tuzikwe wote, watu waseme marehemu alikuwa na heshima!" Alikuwa analia na kutukana pamoja, nami nilistahili kila neno. Shangazi alijaribu kumvuta mkono, mke wangu akauchomoa.

Uso wa mzee ulikuwa umezeeka. Halafu, kama wazee wengi wanapoona aibu, akaamua kufanya kazi. Akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo. Bleki zikipoa zitarudi, mimi nimeshusha malori hivyo maisha yangu yote. Gari halikusimama, tulikubaliana. Nitawarudisha Kirushya mwenyewe, taratibu. Twende, mwanangu, mchukue mtoto."

Nilikuwa na ufunguo mkononi. Watu walikuwa wametuzunguka, na wote walisikia, na wote walijua yeye ni nani kwangu. Niliiwaza ile miteremko ya Ngara, mmoja baada ya mwingine, na mtoto wangu mapajani mwa mama yake, na oili ile ikianza kuchemka upya. Mkono wangu ulishaanza kunyooka wenyewe kumpa. Nikaurudisha.

"Hapana, baba."

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema "Yoo!"

"Unasemaje?"

"Hapana. Hakuna mtu anayepanda gari hili mpaka tumwage oili yako yote, tuweke hii. Hata wewe hupandi. Kama ni kurudi Kirushya nao, watarudi kwa basi."

Nilisubiri anilaani. Alinitazama, akamtazama binti yake, akayatazama yale makopo mkononi mwake. Kisha akavua koti lake la kanisani, akalikunja vizuri, akampa shangazi.

"Nikae wapi?" akauliza.

Vijana walilisukuma gari mpaka pembeni mwa tambarare, fundi akaweka jeki, akakaa tayari kujaza oili mpya. Mzee akaketi kwenye kiti cha dereva, mimi nikaingia chini na spana na chupa yenye mrija. Tulianza na gurudumu la mbali, nyuma kushoto.

"Kanyaga, baba. Kanyaga tena. Shikilia."

"Nimeshikilia."

Nikafungua nati, oili yake ikatoka nyeusi na mapovu, nikafunga.

"Achia."

Akaachia. Tulikwenda hivyo gurudumu kwa gurudumu, nikimwamuru databukwe wangu mbele ya watu, naye akitii kila neno, mpaka mrija ukaanza kutoa oili safi inayopitisha mwanga. Magari mengine yaliendelea na mbio zao juu yetu, mtu mwingine akashinda, wala sijui nani.

Kwenye gurudumu la mwisho, mbele kulia, nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa na gari likatikisika juu ya jeki. Nikachungulia. Mke wangu alikuwa ameketi, mtoto mapajani.

"Shukeni kwanza," nikasema. "Gari liko juu."

"Hatushuki," akasema, na akavuta mlango. "Maliza tuende nyumbani."

Nikamtazama mzee kupitia upenyo wa mlango. Mguu wake ulikuwa bado kwenye pedeli, umekaza, na hakuuondoa.

"Fanya haraka," akaniambia. "Nyamahanga ni mbali."